Sakafu na ukuta wa bafu: jinsi ya kuchagua kabla hujampa fundi hela

Swali huwa ni lilelile: "Nakarabati bafu, niweke tailizi gani?" Halafu inafuata picha ya tailizi nyeupe ya 60 kwa 60 inayong'aa kama kioo, na anayeuliza tayari ameshalipia nusu. Anaweza kuwa Njiro au Sakina za Arusha, au Pasua au Majengo za Moshi. Mara nyingi nyumba ni ya zamani kidogo, sakafu ni niru (saruji laini ya kumalizia) nyekundu iliyochakaa, na ukuta una rangi ya mafuta iliyoanza kuvimba kwa chini.

Kabla ya kuongelea rangi na urembo, jibu mambo mawili: maji yanatua wapi, na yanaondokea wapi. Ukiyajibu hayo, nusu ya tailizi zilizopo dukani zitajitoa zenyewe.

Nadharia ninayokupa ni hii tu: tailizi haizuii maji. Maji hupenya kwenye grauti (ile ya kujazia maungio kati ya tailizi), kwenye kona na pembeni mwa bomba. Kinachozuia maji ni kile kilicho chini ya tailizi, na ndicho watu hukikata bajeti ikibana.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Futi kamba, pima maji, penseli na karatasi
- Nyundo ndogo au sarafu nzito ya kugongea
- Gololi moja (utaona kazi yake)
- Chupa ndogo ya maji na kipande cha sabuni, vya kwenda navyo dukani
- Sehemu nyingine ya kuogea. Bafu likiwa moja tu, ongea na jirani mapema, kwa sababu wiki mbili zinapita haraka
- Bajeti iliyogawanywa: usiimalize yote kwenye tailizi, kuna gundi, grauti, dawa ya kuzuia maji, silikoni na fundi

Kuhusu muda: ukiweza, kwepa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Arusha hata Juni na Julai, kwa baridi na ukungu ule, ripu na dawa ya kuzuia maji hukauka taratibu mno. Moshi joto linasaidia kidogo, ila ukiwa juu huko Kibosho au Machame, hesabu kama mtu wa Arusha.

Hatua ya 1: Chora bafu, ligawe kwa maji

Chora umbo la bafu kwenye karatasi. Weka mlango, dirisha, choo, sinki, shawa au sehemu ya kuwekea ndoo, na tundu la kutolea maji. Kisha pigia mistari sehemu tatu: panapolowa kila siku, panaporukiwa na matone, na panapopata mvuke tu.

Hapa watu wengi hujidanganya kwa kuangalia picha za mabafu ya Ulaya, ambako kuna kioo kinachozuia maji ya shawa. Wewe kama unaoga kwa ndoo na kata, sakafu yote inalowa, na ukuta unalowa hadi usawa wa kifua pande zote. Bafu la namna hiyo lichukulie lote kama sehemu ya kwanza.

Hatua ya 2: Kagua kilichopo

Gonga ukuta na sakafu kidogo kidogo. Panapotoa sauti ya utupu, ripu imeachia na lazima ibomolewe. Usimruhusu fundi apitishe tailizi juu yake.

Angalia ufa. Sehemu zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hutanuka kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi, jamvi la zege chini ya nyumba hupasuka na kuendelea kupasuka. Weka tone la saruji juu ya ufa, andika tarehe pembeni, uache wiki kadhaa. Likikatika, ufa bado unatembea, na tailizi utakayoweka juu yake itapasuka kwa kufuata mstari uleule.

Angalia unga mweupe chini ya ukuta. Hiyo ni chumvi inayoletwa na unyevu unaopanda kutoka ardhini, au na bomba linalovuja ndani ya ukuta. Ukifunika na tailizi, unyevu hautapotea. Utapanda juu ya mstari wa tailizi, au utatokea upande wa pili, chumbani, nyuma ya kabati. Tafuta chanzo kwanza.

Je, unaweza kubandika tailizi mpya juu ya za zamani? Inawezekana kama za zamani zimeshika zote, hakuna uvujaji, mteremko uko sawa na mlango bado utafunguka sakafu ikipanda. Utahitaji gundi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kuzikwaruza za zamani kwa grinda. Mimi sakafuni napendelea kubomoa, maana mabafu mengi ya zamani yana kasoro ya mteremko, na hiyo hairekebishwi kwa juu.

Hatua ya 3: Chagua sakafu

Anza na sakafu, usianze na ukuta. Ukuta mbaya unakera macho tu. Sakafu mbaya inamvunja bibi nyonga.

*Poseleni isiyong'aa.* Kwa bafu nyingi hili ndilo jibu langu. Kwa kipimo cha viwandani, tailizi ya poseleni hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, ni ngumu, na haivunjiki kirahisi ndoo ikidondoka. Lakini kuna poseleni iliyopigwa polishi, na hiyo ikikutana na povu la sabuni ni hatari. Omba yenye uso mkavu au wenye chembechembe kidogo. Baadhi ya maboksi yana alama ya utelezi: R9 ndiyo ya chini kabisa, kwa bafu tafuta R10 au R11. Ukikuta herufi A, B au C, hizo ni za kutembea pekupeku, na sehemu ya kuogea inataka B au zaidi. Usitafute R13 kwa nyumbani, itakushikia uchafu na kukuchosha kwa kupiga brashi.

Ukubwa nao una maneno. Sakafu ya bafu lazima iinamie tundu la maji, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Tailizi ya 30 kwa 30 au ndogo zaidi inafuata mteremko huo bila shida. Ya 60 kwa 60 kwenye bafu la mita moja na nusu, fundi atalazimika kuikatakata kuelekea tundu, au, kama wengi wanavyofanya, ataiacha bapa, na utakuwa unasukuma maji kwa mfagio kila ukioga.

*Tarazo.* Ni saruji yenye chembe za mawe, inayosagwa ikishakauka. Wanaoidharau kwamba ni ya mashule na hospitali hawajaona tarazo nzuri. Haina maungio mengi ya grauti, mteremko unatengenezwa palepale, na inaishi kuliko aliyeiweka. Kasoro zake: inataka fundi mwenye mashine ya kusagia, uchafu wake wakati wa kusaga si wa kawaida, na kona za bafu dogo mashine kubwa haifiki, itabidi zisagwe kwa mkono. Mwambie fundi asiivute polishi hadi ing'ae. Na kumbuka asidi ya kusafishia choo inaila tarazo.

*Niru.* Bajeti ikiwa ndogo, niru iliyopigwa vizuri ni bora kuliko tailizi mbovu. Sharti ipigwe wakati sakafu ya chini bado mbichi ili vishikane, imwagiliwe maji siku kadhaa, na isisuguliwe mpaka iwe kioo. Omba fundi apitishe fagio laini juu yake kabla haijakauka, kwenye sehemu ya kuogea.

*Mawe ya asili na marumaru halisi.* Yanapendeza sebuleni na kwenye baraza. Bafuni jiwe lenye uso wa kukwaruza linashika sabuni, na marumaru inaliwa na kila kitu chenye asidi. Kama hutaki kazi ya kulipaka dawa ya kuziba vinyweleo mara kwa mara, achana nalo.

*Mikeka ya plastiki na sakafu za mbao.* Hapana. Maji yatapita chini na hutajua mpaka ianze kutoa harufu.

Usiweke tailizi ya ukutani sakafuni, hata muuzaji akikuambia "hii inapiga kote". Ya ukutani mwili wake ni laini, unanyonya maji, na itapasuka chini ya mguu wa kiti. Ya sakafuni kupanda ukutani, hiyo ruksa, ila kumbuka uzito wake.

Hatua ya 4: Chagua ukuta

Ukutani huna haja ya poseleni. Seramiki ya kawaida yenye uso wa kung'aa, 25 kwa 40 au 30 kwa 60, inatosha: nyepesi, inakatika kirahisi, inafutika kwa kitambaa. Mng'ao ukutani hauna shida, hakuna anayetembea huko.

Swali linalofuata huwa ni urefu. Sehemu ya shawa panda hadi mita 2 au zaidi. Kwingine mita 1.2 inatosha kama maji hayaruki. Kwa bafu la ndoo usihangaike kukata huku na huku, panda mita 2 pande zote. Kufika darini ni uamuzi wa mfuko wako, na kwa wenye shawa ya maji ya moto na dirisha dogo una faida, maana mvuke wa Julai Arusha unatafuna rangi.

Juu ya tailizi, acha ripu ya saruji na upake rangi ya maji inayoweza kufutwa. Kosa ninalokutana nalo sana ni fundi kuskimu ukuta wa bafu kwa unga uleule wa jipsamu alioutumia chumbani. Unalainika, unavimba, unabanduka pamoja na rangi yake.

Zile mbao za PVC za ukutani zinaingia haraka na zinapendeza siku ya kwanza. Kwa dari nazikubali. Kwa ukuta unaomwagiwa maji kila siku, nyuma yake panakuwa na giza na unyevu, na mende wanahamia na familia.

Hatua ya 5: Rangi na grauti

Rangi ni yako. Nakupa tahadhari mbili tu. Nyeusi inayong'aa inaonyesha kila tone la sabuni lililokaukia. Na udongo wetu huu mwekundu wa volkano hauna huruma na grauti nyeupe sakafuni, miezi michache itakuwa rangi ya chai. Chukua kijivu au kahawia. Nyeupe iache ukutani ukiipenda. Saruji nyeupe tupu siyo grauti, inapasuka vipande.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Tuseme bafu ni mita 1.5 kwa 2.4. Sakafu ni mita za mraba 3.6. Ongeza asilimia 10 ya kukatika, unapata 3.96. Boksi likiwa na mita 1.53, unahitaji maboksi 3.

Ukuta: mzunguko ni mita 7.8. Ukipanda mita 2.1 unapata 16.4. Toa mlango wa 0.75 kwa 2.1, zinabaki karibu 14.8. Dirisha dogo usilitoe. Ongeza asilimia 10, inakuwa 16.3. Boksi la mita 1.5 linakupa maboksi 11.

Ukitaka zilazwe mshazari, ongeza asilimia 15 badala ya 10. Mita zilizomo kwenye boksi zisome ubavuni, maana zinatofautiana kati ya kiwanda na kiwanda.

Hatua ya 7: Majaribio ya dukani

Sasa ile chupa ya maji. Omba tailizi moja itolewe kwenye boksi.

Igeuze, dondosha tone mgongoni. Tone likizama na kuacha doa jeusi papo hapo, hiyo ni ya ukutani, vyovyote boksi litakavyosema. Likikaa juu kama tone la umande, kuna uwezekano mkubwa ni poseleni.

Igeuze uso juu, ilaze chini, mwagia maji, sugua sabuni, vua kiatu na ukanyage kwa kisigino huku ukisukuma mbele. Watu dukani watakutazama. Waache watazame. Mguu ukienda wenyewe, rudisha tailizi kwenye boksi.

Chukua mbili, zikutanishe uso kwa uso. Zikicheza kama kiti kibovu, zimepinda, na fundi hataweza kuzilaza sawa.

Soma namba ya mkupuo na ya rangi kwenye kila boksi, zote zifanane. Tailizi za jina moja zilizochomwa siku tofauti hutofautiana weupe, na tofauti hiyo utaiona zikishakaa ukutani. Ndiyo maana nunua zote kwa pamoja, ziwe zimetoka viwanda vya Mkuranga na Chalinze au nje ya nchi. Wa Moshi wanaokwenda Arusha kwa sababu ya uchaguzi mpana, safari ya kurudi kutafuta boksi moja lililopungua itakula faida yote. Kubaliana na muuzaji kuhusu kurudisha maboksi ambayo hayajafunguliwa, na aandike kwenye risiti. Kwenye guta, maboksi yasimame kwa ubavu, yasilazwe.

Hatua ya 8: Nunua vya chini ya tailizi

Dawa ya kuzuia maji: ipakwe sakafu yote, ipande ukutani sentimita 15 kuzunguka bafu, na hadi mita 2 sehemu ya shawa. Ipakwe mara mbili, ya pili ikikatisha ya kwanza, na kitambaa chake kwenye kona na kuzunguka tundu. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 2 au 3, weka alama ya penseli, acha saa 24. Kwa bafu la ghorofani jaribio hili halina mjadala.

Gundi: poseleni hainywi maji, kwa hiyo uji wa saruji tupu haupati pa kushika. Nunua gundi ya tailizi iliyoandikwa kwamba inafaa kwa poseleni. Seramiki ya ukutani ikibandikwa kwa saruji huloweshwa kwanza; ikibandikwa kwa gundi, soma mfuko unasemaje. Poseleni usiiloweshe kabisa.

Hatua ya 9: Simamia kazi

Skridi mpya ya saruji (tabaka la kusawazisha sakafu chini ya tailizi) hufika nguvu yake kwa siku 28. Kama huwezi kusubiri zote, usikubali ifunikwe ingali inatoa jasho.

Tailizi zipangwe kavu kwanza. Nzima ikae mkabala na mlango, vipande viende nyuma ya mlango na chini ya sinki. Ukuta uanzie safu ya pili juu ya ubao ulionyooka, sakafu ifuate, kisha safu ya chini ya ukuta ishuke juu ya sakafu. Hivyo maji ya ukutani yanadondokea juu ya tailizi, hayaingii nyuma yake.

Tailizi za kwanza zikikaa, mwambie, "Fundi, niinulie hiyo moja nione mgongo wake." Gundi iwe imeenea mgongo mzima, na mistari ya mwiko wa meno imebanwa. Ukiona matonge matano, manne ya kona na moja la kati, simamisha kazi. Atakuambia, "Bosi, hivi ndivyo tunavyofanya miaka yote." Ni kweli, na ndiyo maana tailizi za miaka yote zinalia utupu.

Spesa (vitenganishi vya kuacha nafasi kati ya tailizi) za milimita 2 au 3 ukutani na sakafuni. Sakafu inapokutana na ukuta iachwe nafasi ndogo, ijazwe silikoni badala ya grauti. Sakafu ya bafu iwe chini ya korido kwa sentimita 2 hivi.

Kabla ya grauti, weka gololi mlangoni, kisha kila kona. Itembee yenyewe kuelekea kwenye tundu. Ikisimama njiani, hapo ndipo maji yatasimama, na kurekebisha leo ni rahisi kuliko baada ya grauti kukauka.

Mambo yakienda mrama

*Tailizi inalia utupu.* Moja ukutani, iache. Sakafuni, hasa panapolowa, iondolewe na kubandikwa upya kabla haijapasuka.

*Tailizi za katikati zimeinuka kama hema.* Zilibanwa ukuta kwa ukuta bila nafasi ya kutanuka. Toa zilizoinuka, fungua nafasi pembeni, rudisha kwa gundi.

*Grauti inakuwa nyeusi.* Ni kuvu. Fungua dirisha baada ya kuoga, sugua kwa dawa ya klorini iliyopunguzwa kwa maji. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, inatoa hewa yenye sumu.

*Sakafu imeshawekwa na inateleza.* Kuna dawa za kukwaruza uso na mikanda ya kubandika. Zinasaidia, haziponyi. Mzee akiwa nyumbani, funga na kishikio ukutani.

*Harufu inatoka kwenye tundu.* Mwaga maji. Ikiisha, kizuizi chake cha harufu, yaani kona ya bomba inayobaki na maji, kilikuwa kimekauka. Ikirudi kesho, tundu halina kizuizi kabisa, na hiyo ni kazi ya fundi bomba.

*Rangi ya chumba cha pili inavimba.* Funga bomba zote za nyumba, nenda kwenye mita ya maji uitazame. Ikizunguka, kuna bomba linavuja, na huyo fundi bomba ndiye wa kuitwa kwanza. Ikitulia, ziba tundu la bafu na urudie jaribio la maji ya saa 24. Maji yakishuka, dawa ya kuzuia maji haikufanya kazi na sakafu itafunguliwa.